Fedha ya Hisa na Fedha ya Mkopo: Ipi Hukiongezea Chama Thamani?

Mazungumzo kwa makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi vya Kilwa na mwambao wa Lindi



Katika mikutano mikuu ya vyama vya msingi kuna hoja moja ambayo haiishi kuzuka. Chama kinataka ghala jipya, au mashine ya kukamua ufuta, au lori la kusombea korosho. Fedha ya kutosha haipo. Je, wanachama waongeze hisa, au chama kikakope benki? Wako wasemao kwamba mkopo ndio maendeleo, maana fedha ya kibubu haikujenga ghala hata siku moja. Wako wasemao kwamba mkopo ni kitanzi, na kwamba waliokopa jana ndio wanaolia leo. Kila upande una mifano yake, na mara nyingi kura humfuata msemaji hodari kuliko hesabu. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kuiweka hesabu hiyo mezani, ili kila mwanachama aione mwenyewe kabla ya kuinua mkono.

Maana ya hisa na maana ya mkopo

Fedha inayoingia katika shughuli yoyote huingia kwa moja ya milango miwili. Mwenye kukopesha huingia kwa ahadi: atalipwa kiasi kilichotajwa, siku iliyotajwa, pamoja na riba iliyotajwa, shughuli ifanikiwe au isifanikiwe. Mwenye hisa huingia kwa fungu: hana kiasi alichoahidiwa, bali chochote kitakachobaki baada ya wadai wote kulipwa ni chake. Yeye ndiye wa mwisho kupokea. Kikibaki kingi, hupata kingi. Kisipobaki kitu, hapati kitu.

Jambo hili si geni katika pwani. Chombo cha uvuvi kinaporudi Kilwa Kivinje au Somanga, mapato hugawanywa kwa mafungu: liko fungu la chombo, liko fungu la nyavu, na yako mafungu ya nahodha na wavuvi. Bahari ikitoa, wote wamepata. Bahari ikinyima, wote wamekosa. Hiyo ndiyo hisa. Lakini kama mwenye chombo alinunua mashine ya boti kwa mkopo, aliyemkopesha haulizi bahari ilikuwaje. Hata kusi ikivuma mwezi mzima na vyombo vyote vikakaa pwani, tarehe yake haisogei.

Wafanyabiashara wa zamani wa mwambao walizijua njia zote mbili. Sheria ya Kiislamu inao ushirika uitwao mudharaba, ambapo mmoja hutoa mali na mwingine hutoa kazi. Faida hugawanywa kwa sehemu walizopatana, na hasara ya mali humwangukia mwenye mali, isipokuwa mwenye kazi awe amefanya hiana au uzembe. Hiyo ni fedha ya hisa. Katika karne ya 19, Kilwa Kivinje ilipokuwa mlango mkubwa wa biashara ya misafara ya bara, misafara mingi ilitegemea bidhaa za mkopo zilizotoka kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja. Hiyo ni fedha ya deni: mwenye msafara alipaswa kulipa hata kama alirudi mikono mitupu.

Hesabu ya mashine ya ufuta

Tuseme chama kimoja cha msingi, ambacho ni cha mfano tu, kinataka mashine ya kukamua ufuta pamoja na banda lake kwa jumla ya Shs. 60,000,000. Katika mwaka wa kawaida mashine hiyo, baada ya kulipa mishahara, umeme, vipuri na gharama nyinginezo za uendeshaji, inatarajiwa kuacha Shs. 9,000,000. Mwaka mzuri itaacha Shs. 15,000,000. Mwaka mbaya, mvua zikiwa haba au bei ikianguka, itaacha Shs. 3,000,000 tu.

Njia ya kwanza: wanachama 600 wanatoa Shs. 100,000 kila mmoja, na chama hakikopi hata senti. Mwaka wa kawaida kila Shs. 100 ya hisa inazaa Shs. 15, mwaka mzuri inazaa Shs. 25; mwaka mbaya inazaa Shs. 5.

Njia ya pili: wanachama wanatoa nusu, yaani Shs. 30,000,000, na chama kinakopa nusu ya pili kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Riba ni Shs. 3,600,000. Mwaka wa kawaida zinabaki Shs. 5,400,000, na kila Shs. 100 ya hisa inazaa Shs. 18. Mwaka mzuri zinabaki Shs. 11,400,000, na kila Shs. 100 inazaa Shs. 38. Lakini mwaka mbaya riba inazidi mapato: panakuwa na upungufu wa Shs. 600,000, na kila Shs. 100 ya hisa imepoteza Shs. 2.

Msemaji anayependa mkopo atasimama aonyeshe ile Shs. 38 na ile Shs. 18. Hasemi uongo. Lakini katibu makini hana budi kuuliza: je, mashine imekuwa bora zaidi? Imekamua debe moja zaidi la mafuta kwa kuwa nusu yake ni ya mkopo? La. Katika mwaka wa kawaida, benki imepata Shs. 3,600,000 na wanachama wamepata Shs. 5,400,000, jumla ni Shs. 9,000,000 zile zile. Papa ni yule yule, akatwe mafungu mawili au mafungu kumi; mizani haiongezeki kwa kisu. Kilichobadilika ni nani anapata fungu gani, na nani anabeba hatari. Benki imechukua fungu lililo salama. Hatari yote iliyokuwa imetandazwa juu ya Shs. 60,000,000 sasa imerundikwa juu ya Shs. 30,000,000 za wanachama. Ile ziada ya Shs. 3 juu ya kila Shs. 100 katika mwaka wa kawaida ni ujira wa kubeba mzigo huo, wala si zawadi.

Fundisho la mwaka 1958

Jambo hili lilithibitishwa na wataalamu wawili wa uchumi waliokuwa wakifundisha Marekani, Franco Modigliani na Merton Miller, katika makala waliyoitoa mwaka 1958. Baadaye wote wawili walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi, Modigliani mwaka 1985 na Miller mwaka 1990. Walionyesha kwamba, kama hakuna kodi, kama kufilisika hakuna gharama, na kama kila mtu anaweza kukopa kwa masharti yale yale, basi thamani ya kampuni haitegemei sehemu gani ya mtaji wake ni mkopo na sehemu gani ni hisa. Thamani hutokana na mapato ya mali yenyewe.

Uthibitisho wao unaweza kufanywa kwa hesabu ya mwanachama mmoja. Mwanachama anataka ile faida ya Shs. 18 kwa kila Shs. 100, lakini chama chake kimefuata njia ya kwanza na hakikukopa. Anazo Shs. 50,000 zake. Anakopa Shs. 50,000 katika chama cha akiba na mikopo kwa riba ya asilimia 12, kisha ananunua hisa za Shs. 100,000. Mwaka wa kawaida anapata Shs. 15,000, analipa riba Shs. 6,000, anabaki na Shs. 9,000 juu ya Shs. 50,000 zake. Hiyo ni Shs. 18 kwa kila Shs. 100, sawasawa kabisa na njia ya pili. Jambo ambalo mwanachama anaweza kujifanyia mwenyewe nyumbani, hakuna sababu ya kukilipa chama zaidi kwa kulifanya kwa niaba yake.

Yafaa pia kuondoa wazo moja lililoenea, kwamba hisa ni fedha ya bure kwa sababu haina riba. Hisa ina bei yake, na bei hiyo ni kubwa kuliko ya mkopo, maana mwenye hisa anasubiri mwisho wa mstari. Ushahidi uko katika Wilaya ya Kilwa yenyewe. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, lakini mradi wa kuifikisha Ubungo kwa bomba na kuifanya umeme ulianza kazi mwaka 2004. Kampuni ya Songas ilijengwa kwa fedha za aina zote mbili: mikopo, ikiwamo ile ambayo Serikali iliipata Benki ya Dunia ikaikopesha kampuni, na hisa za wawekezaji. Wenye hisa wake walikuja kuwa Globeleq pamoja na TPDC, TANESCO na TDFL. Mradi ulichelewa miaka kadhaa kwa sababu ya mgogoro juu ya mradi mwingine wa umeme. Wakati ujenzi ukingoja, fedha ya hisa iliyokwisha kuingizwa ilihesabiwa faida ya zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka, na faida hiyo ikawa inapanda juu ya mtaji. Fedha inayokua kwa asilimia 20 huwa maradufu kabla ya miaka minne kwisha. Serikali ikalazimika kulipa sehemu ya limbikizo hilo ili lisije likaangukia bei ya umeme. Mkataba wa kuuza umeme uliokuwa wa miaka 20 ulimalizika Julai 2024. Wenye mali wanaoingia kwa hisa katika nchi ngeni hudai ujira mkubwa, na hapo hisa ndiyo ghali, mkopo ndio nafuu.

Mahali ambapo njia huachana

Masharti ya mwaka 1958 hayatimii duniani, na wataalamu wale walilijua hilo. Faida ya fundisho lao ni kwamba linaonyesha mahali pa kutazama. Kama mkopo unaongeza au kupunguza thamani, sababu iko katika mambo yale waliyoyaweka kando.

La kwanza ni kodi. Makampuni ya Tanzania hutozwa kodi ya mapato ya asilimia 30. Kwa kawaida riba huondolewa katika mapato kabla ya kodi kukokotolewa, bali gawio la wenye hisa haliondolewi. Kampuni inayolipa riba ya Shs. 3,600,000 inaweza kuokoa kodi ya Shs. 1,080,000 kila mwaka. Hapo mkopo unaongeza thamani kweli, na wataalamu wale walilieleza jambo hilo kwa kinaga katika masahihisho yao ya mwaka 1963. Ndiyo sababu makampuni makubwa hupenda kukopa. Lakini chama cha msingi ambacho kodi ya mapato haikigusi, au inakigusa kidogo, hakina cha kuokoa. Kuiga makampuni katika jambo hili ni kuvaa joho la harusi ya mwingine.

La pili ni gharama ya kushindwa. Chama kikikwama, hasara haiishii katika deni. Dhamana huuzwa kwa bei ya kutupa. Katibu huacha mizani aende kujieleza benki. Mwanachama hupeleka ufuta wake kwa kangomba usiku, kwa kuwa hana imani kwamba chama kitamlipa. Mali inayopotea hivyo haimwendei benki wala mwanachama. Imepotea.

La tatu ni tarehe. Katika mfano wa mashine, tuseme mkopo wa Shs. 30,000,000 hulipwa kwa miaka mitano, Shs. 6,000,000 kila mwaka mbali na riba. Mwaka wa kawaida zimebaki Shs. 5,400,000. Hazitoshi! Shughuli ina faida katika vitabu, na hata hivyo chama kimepungukiwa Shs. 600,000 za kulipa rejesho. Mwaka mbaya kimepungukiwa Shs. 6,600,000. Vyama vingi havizamishwi na hasara. Huzamishwa na mkopo wa miaka mitano uliotumika kununua kitu kinachorudisha fedha kwa miaka kumi.

La nne ni uangalizi. Hapa mkopo una sifa yake. Benki hudai hesabu zilizokaguliwa, hutuma mtu wake kutazama ghala, na humfanya mtunza fedha awe macho. Chama kinachotumia fedha ya wanachama peke yake huweza kulala, hasa mkutano mkuu unapokuwa wa kupiga makofi tu. Lakini nidhamu ya kuazima ni nidhamu ya muda. Iliyo ya kudumu ni ile ya wanachama wanaosoma mizania yao wenyewe.

Mifano mitatu ya Kusini

Mfano wa kwanza ni mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947. Serikali ya Uingereza ilikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu, na Nachingwea ikawa moja ya vituo vyake. Bandari ya Mtwara ilianzishwa kwa ajili yake, na reli ikajengwa kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, hadi Nachingwea. Kazi ilikabidhiwa shirika la umma lililoitwa Overseas Food Corporation, ambalo mtaji wake ulikuwa fedha ya kukopeshwa na hazina ya Uingereza. Hapakuwa na mwenye hisa wa kupokea pigo la kwanza. Matrekta yakaharibika, ardhi ikawa ngumu, mvua ikakosea majira, karanga hazikuota kama ilivyotarajiwa. Deni halikupungua kwa kilo moja ya karanga iliyokosekana. Mwaka 1951 kiasi cha pauni milioni 36 kilifutwa katika vitabu, na mlipa kodi wa Uingereza akagundua kwamba yeye ndiye aliyekuwa mwenye hisa siku zote, ingawa karatasi zilimwita mkopeshaji. Deni lisilolipika hugeuka hisa mikononi mwa aliyekopesha.

Mfano wa pili ni viwanda vya kubangua korosho. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Kwa kutegemea mavuno hayo, viwanda vikubwa vilijengwa, ikiwa ni pamoja na kwa mikopo ya Benki ya Dunia, hata idadi yake nchini ikafika 12 na uwezo wake ukapita tani 100,000 kwa mwaka. Mkoa wa Lindi ulipata viwanda Lindi, Mtama na Nachingwea. Lakini viwanda vikijengwa, mavuno yalikuwa yanashuka: watu walihamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ya mkulima ilikuwa duni, na ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Vingi vya viwanda hivyo vilisimama. Tena mikopo ile ilikuwa ya fedha za kigeni. Katikati ya miaka ya 1970 Dola moja ya Marekani ilikuwa takriban Shs. 7, mwishoni mwa 1986 ilizidi Shs. 50. Mashine ilikuwa imesimama, na deni lake likihesabiwa kwa shilingi limekua zaidi ya mara saba. Na safari hii mwenye kubeba hakuwa mlipa kodi wa Uingereza.

Mfano wa tatu unawagusa wanachama kwa karibu zaidi. Sheria ya Stakabadhi za Mazao Ghalani ilitungwa mwaka 2005, na mfumo wake ukaanza kutumika katika korosho msimu wa 2007/08 mkoani Mtwara, kisha ukaenea. Katika miaka ya mwanzo, vyama vilikopa benki kwa dhamana ya korosho zilizo ghalani, vikamlipa mkulima malipo ya kwanza. Baada ya mnada benki ikalipwa mkopo na riba yake, gharama zikakatwa, na kilichobaki kikawa malipo ya pili.

Itazamwe hesabu hiyo kwa macho ya somo la leo. Benki hulipwa kwanza. Ghala, usafiri na ushuru hufuata. Mkulima hupokea kinachobaki. Yaani yale yaliyoitwa malipo ya pili, ambayo mkulima aliyahesabu kama deni analodai, kwa hakika yalikuwa fungu la mwenye hisa. Bei ya mnada ikipanda, yangenenepa. Ikianguka, yangekuwa ya kwanza kuliwa. Lakini mkulima hakuambiwa hivyo. Aliambiwa kiasi, naye akakihesabu kuwa ni ahadi. Mwezi Aprili 2013, huko Liwale, hasira ya wakulima juu ya malipo ya pili yaliyopungua kuliko matarajio ilifika mahali pa nyumba kuchomwa moto. Bei ya soko ndiyo iliyopunguza fedha. Lakini kilichowasha moto ni watu kufanywa wenye hisa bila kuambiwa kwamba ni wenye hisa.

Katika minada ya miaka ya karibuni desturi imekuwa mkulima kulipwa mara moja baada ya mnada kupitia akaunti yake ya benki. Riba ya mkopo wa msimu imepungua njiani, na mkulima anabeba kungoja mahali pa kubeba deni. Hilo nalo lina gharama: anayengoja huku mtoto anatakiwa shule hukopa mtaani kwa masharti mabaya kuliko ya benki. Mkopo haukutoweka, umehama kutoka vitabu vya chama ukaingia jikoni kwa mwanachama.

Namna ushirika unavyotofautiana na kampuni

Kampuni ikitaka hisa zaidi huenda sokoni, na mwenye fedha nyingi hununua kura nyingi. Katika ushirika mwanachama ana kura moja, awe na hisa moja au mia. Hisa ya chama haipandi bei kwa kuwa chama kimestawi. Kwa hiyo mwanachama tajiri hana hamu ya kuongeza hisa, na mwanachama maskini hana uwezo. Ndipo vyama vinapojikuta vinasukumwa benki, si kwa kuwa mkopo ni bora, bali kwa kuwa mlango wa hisa ni mwembamba.

Mlango huo waweza kupanuliwa. Chama kinachokusanya tani 400 za ufuta kwa msimu, mkutano mkuu ukikubali kukata Shs. 30 kwa kila kilo kuwa mtaji, hupata Shs. 12,000,000 kwa mwaka. Kwa miaka mitano ni Shs. 60,000,000: mashine nzima, bila tarehe ya benki. Na makato hayo yakiandikwa kwa jina la kila mwanachama kama hisa zake, aliyeleta magunia mengi amechangia zaidi, aliyeleta machache amechangia kwa kadiri yake, na hakuna aliyedhulumiwa. Makato yasiyoandikwa kwa jina la mtu huitwa mtaji wa chama siku ya kukatwa, na huitwa wizi siku ya ugomvi.

Lakini kungoja miaka mitano nako ni gharama, kama mashine ingekuwa inazaa tangu mwaka wa kwanza. Kwa sababu hiyo njia ya busara kwa vyama vingi huwa katikati: kwanza ziada iliyobakizwa na mfuko wa akiba, pili makato ya hisa, tatu mkopo wa kujazia pengo, na mkopo huo uwe mdogo kiasi ambacho hata mwaka mbaya utalipika.

Kwa mfano wetu, mwaka mbaya unaacha Shs. 3,000,000. Mkopo wa Shs. 10,000,000 kwa riba ya asilimia 12, ukilipwa kwa miaka kumi, unadai Shs. 2,200,000 mwaka wa kwanza, na unapungua kila mwaka. Huo unabebeka hata jua likiwaka. Mkopo wa Shs. 30,000,000 haubebeki. Ukomo wa busara hupatikana kwa kuupima mwaka mbaya, wala si kwa kuutazama mwaka mzuri wa jirani.

Mambo ya kuangaliwa na makatibu

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inataka chama kikope ndani ya ukomo wa madeni uliokubaliwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Katika vyama vingi ukomo huo hupitishwa dakika za mwisho, watu wakiwa wamekwisha kusimama kutafuta wali. Hilo halifai. Ajenda ya ukomo wa madeni ndiyo ajenda ambayo wanachama huamua ni kiasi gani cha mali yao kimesimama nyuma ya benki.

Kwa hiyo, kabla ya mkutano, katibu aandike katika karatasi moja mambo manne yanayosomeka. Aandike mapato ya shughuli katika mwaka mzuri, wa kawaida na mbaya. Aandike riba na rejesho la kila mwaka, na aviweke pembeni mwa mapato ya mwaka mbaya. Aandike ni nani anayelipwa kwanza, wa pili, na wa mwisho. Na aandike dhamana ni nini: kama ni ghala la chama, liandikwe ghala, kama ni mazao ya wanachama, yaandikwe mazao ya wanachama.

Mkopo wa msimu ulipwe kwa mazao ya msimu, na mkopo wa jengo ulipwe kwa miaka ya jengo. Mkopo wa fedha za kigeni uepukwe na chama ambacho mapato yake ni shilingi. Na mkopo unaoelezwa kuwa wa masharti nafuu upimwe kwa hesabu ile ile. Benki ya Ushirika Tanzania ilizinduliwa Dodoma tarehe 28 Aprili 2025, vyama vya ushirika vikiwa miongoni mwa wamiliki wake wakubwa. Ni jambo la fahari. Lakini chama kinachonunua hisa za benki kimekuwa mwenye hisa, na kinachokopa humo kimekuwa mdaiwa. Undugu haufuti rejesho. Tena asiyelipa humo anakula mtaji wa wanaushirika wenzake.

Ndugu Wanachama, jibu la swali la mwanzo basi ni hili. Mkopo peke yake hauongezi thamani ya chama, wala hisa peke yake haiongezi. Thamani hutoka katika mashine inayokamua, ghala lisilovuja, mizani isiyoiba na korosho iliyokauka vizuri. Hisa na mkopo huamua nani atapokea kwanza na nani atabaki wa mwisho. Katika chama cha ushirika wa mwisho ni mwanachama daima. Ana haki ya kuambiwa hivyo kabla ya kura, kwa tarakimu, naye akikubali, amekubali akijua.

Ushirika ni nguvu.